Mafungo huku kusini: tafuta atakayekupokea kabla hujakata tiketi

Wanaoniuliza kuhusu mafungo, yaani siku za kujitenga kwa sala na kutafakari, Mtwara na Lindi huanza karibu wote na mahali. Ndanda au Kilwa? Mikindani pametulia? Mimi ninayeandaa na kusindikiza mafungo haya huwarudishia swali jingine: ukirudi nyumbani, nani atakaa na wewe saa nzima kukusikiliza? Kama huna jina la kunitajia, safari bado haijapangwa, hata kama chumba kimeshalipiwa.

Kumtenga mtu ili arudi akiwa mwingine si jambo geni huku. Wamakonde, Wayao na Wamwera wana jando na unyago. Mwali hutolewa nyumbani, huwekwa chini ya kungwi, hufundishwa, kisha hutolewa nje kwa ngoma, nguo mpya na chakula, mbele ya watu walewale watakaomdai aishi alivyofundishwa. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alitambua uzito wa jambo hili, na badala ya kulipiga vita akaanzisha jando la Kikristo. Mafungo mengi ya siku hizi yamechukua kutoka na kukaa, yakaacha kupokelewa. Mtu anarudi Jumapili usiku, Jumatatu yuko kazini, na kufikia Ijumaa daftari limeshaingia kabatini. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko yote, na ndiyo maana mipango yangu naianzia mwisho.

Swali la kubeba

"Kusudi la maisha yangu ni nini?" ni swali lisilojibika kwa siku tano. Halina mpaka, kwa hiyo akili huzunguka palepale, mtu akachoka akadhani amekosa imani. Lifupishe mpaka liwe na jina la mtu au la kazi, na tarehe. Mwalimu wa Nachingwea anayekaribia kustaafu anaweza kubeba hili: "Nikistaafu, mikorosho itanitosha, au bado nataka watoto mbele yangu?" Muuguzi wa zahanati: "Nibaki hapa miaka 3 zaidi, au niombe kusoma mwaka huu?" Maswali ya namna hii yana ndiyo na hapana ndani yake, na ndiyo au hapana ikikuumiza, hapo pana kitu cha kufuatilia.

Wiki moja kabla ya kuondoka, chukua daftari la kawaida na uandike matukio 10 ya miaka 3 iliyopita ambayo ulifanya jambo bila kutumwa na bila kuongezewa malipo, na ungelifanya tena. Kwa kila tukio andika nani alinufaika, wewe ulifanya nini hasa, na nini kilikuchosha. Kisha pigia mstari vitenzi tu. Wengi hutarajia kukuta cheo: daktari, mchungaji, mfanyabiashara. Kinachojitokeza ni tendo: kupatanisha, kutengeneza, kufundisha, kuuguza, kupanga hesabu za watu. Tendo likijirudia mara 4 au zaidi kati ya 10, nenda nalo mafungoni.

Zoezi hili huharibika kwa njia moja kuu. Watu huandika siku walizosifiwa: zawadi, hotuba, picha ya pamoja. Pitia orodha ujiulize kama ungefanya vilevile bila mtu kujua. Pasipo na uhakika, futa.

Mahali pafuate swali

Ndanda nawaelekeza wale ambao siku zao zimevurugika, na wanaotaka kuanza upya baada ya kitu kuvunjika. Historia ya pale inabeba swali hilo. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walikuwa na misheni Lukuledi tangu 1895 na Nyangao tangu 1896, zote mbili zikaangamizwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Abasia, yaani monasteri yao, ina kengele, na kengele ndiyo dawa yenyewe: sala kabla ya mapambazuko, kazi, sala ya adhuhuri, kazi, masifu ya jioni, kimya cha usiku. Mtu aliyezoea kuamua kila kitu mwenyewe hupumzika kwa kuamuliwa ratiba. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inaagiza mgeni apokelewe kama Kristo, lakini hiyo haina maana ya kufika bila taarifa. Mwandikie mapema msimamizi wa wageni, utaje tarehe, dini yako, chakula usichokula, na kama unataka mtu wa kuzungumza naye. Usitegemee kimya cha porini, maana kuna hospitali, shule na karakana. Na kama unatoka Dar es Salaam, huna haja ya kufika kwanza Mtwara mjini: basi la Masasi hukatia Mingoyo, hupita Nyangao, na linakushusha Ndanda.

Kwa Muislamu, itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, ipo tayari na imepangika kuliko mafungo mengi ya kulipia. Ya kumi la mwisho la Ramadhani huanza kabla ya jua kuzama siku ya 20, kwa nia, na mtu hatoki msikitini ila kwa haja. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, itikafu ni sunna wakati wowote wa mwaka, wala si lazima iwe ya siku nyingi. Hivyo aliye na siku 2 tu za mapumziko anaweza kuzungumza na imamu wake akapata kona. Beba mkeka, shuka, kikombe, nguo za kubadili, na panga mapema nani ataleta futari na daku. Wanawake waulize kwanza kama msikiti una sehemu yao yenye choo na mlango wake, kwa kuwa si misikiti yote ya huku iliyo nayo. Kinachoharibu itikafu ni kikundi. Vijana 6 wanaojuana wakikaa kona moja, usiku wa 23 huishia kwenye soga.

Kilwa Kisiwani nampeleka mtu ambaye kitu chake kikubwa kimekwisha: kazi, ndoa, biashara, uongozi. Msafiri Ibn Battuta aliukuta mji huu mwaka 1331 ukiwa na nguvu zake, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari, na inaaminika halikukamilika. Wareno wakauteka mwaka 1505. Leo watu wanalima, wanavua na kusali kandokando ya magofu hayo. Anayedhani maisha yameisha kwa sababu enzi yake imeisha, akae pale asubuhi mbili bila haraka.

Utaratibu wake: unashuka Nangurukuru au unafika moja kwa moja Kilwa Masoko, unachukua kibali ofisini kabla ya kupanda mashua, unavuka na mwongozaji. Muulize nahodha kuhusu maji. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa mbali na utatembea kwenye tope na mikoko ukiwa na mzigo kichwani; siku za maji mafu ni rahisi zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari mchana, basi vuka asubuhi. Maji ya kunywa yasipungue lita 3 kwa mtu kwa siku, kofia, viatu vya kufunika vidole. Mashua ya jioni isikupite, na kulala kisiwani kupangwe na wenyeji kabla hujavuka.

Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, inamfaa anayetaka kuona mbali kwa macho: chini yako bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Ila epuka Oktoba hadi Desemba. Huo ni msimu wa korosho, na siku za mnada nyumba za wageni Newala, Tandahimba na Masasi hujaa, wazee unaotaka kuzungumza nao wako ghalani, na pikipiki haziishi usiku. Popote utakapolala kijijini, hasa upande wa Ruvuma, ripoti kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho. Na ukisikia ngoma za jando au unyago, si maonyesho. Usisogee na simu.

Mikindani ni pazuri, na kuna Boma la Wajerumani la 1895. Lakini kwa mafungo ya kwanza siwapeleki watu kwenye ufukwe. Uzuri mwingi humfanya mtu apige picha.

Siku zenyewe

Hesabu siku 5 kamili bila siku za njiani. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, siku nzima ya basi, na anayefika usiku akiwa amevimba miguu hawezi kuanza kutafakari. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huharibu barabara za vumbi, hasa za milima ya Matumbi kwa anayetaka kufika Nandete, ambako Majimaji ilianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba.

Ratiba yangu ni nyepesi: sala au kimya kabla ya jua, kutembea dakika 90 kabla ya joto, kuandika kwa mkono dakika 40, usingizi wa mchana, kazi ya mikono kwa muda wa saa 2, mazungumzo dakika 20 na msindikizaji, kulala mapema. Kazi ya mikono siiachi kamwe. Kupalilia, kuchambua mchele, kufagia uwanja: mikono ikishughulika, mawazo yaliyokuwa yamejificha hujitokeza yenyewe. Anayekaa kitandani siku nzima akisubiri jibu huishia kupanga bajeti.

Simu iache kwa mwenyeji. Ukiwa na mtoto mdogo au mgonjwa nyumbani, beba kiswaswadu chenye namba moja, na mtu wa nyumbani ajue kwamba ataipiga kwa dharura tu.

Siku ya 2 ni mbaya, nawaambia wote mapema. Kichwa huuma kwa kukosa chai na kahawa, uchovu wa miezi hushuka mwilini, na kuchoka kwa kukaa bure kunakuwa kama adhabu. Punguza chai wiki moja kabla, usiikate siku ya kwanza. Ukilala kwa muda wa saa 10, lala, maana mwili unalipa deni. Siku ya 3 au ya 4 ndiyo machozi huja, na mara nyingi yanahusu jambo ambalo halimo kwenye swali lako. Liandike, kisha rudi kwenye swali.

Siku ya 4 ina hatari nyingine, furaha ya ghafla. Mtu anataka kumpigia bosi aache kazi, au kutangaza kwenye kundi la familia kwamba amepata wito. Sheria yangu: hakuna uamuzi wa kazi, ndoa, ardhi wala fedha mpaka siku 14 baada ya kurudi.

Makosa yanayobaki nayataja kwa ukali kidogo. Kilwa siku moja, Lindi moja, Mikindani moja, Newala moja: hiyo ni ziara. Kila kuhama kunakula nusu siku ya kufunga mizigo na kugombea nauli stendi. Lala kitanda kimoja siku zote 5. Mwenye vidonda vya tumbo, kisukari, mimba, au anayetumia dawa za kila siku asifunge kula bila kumuuliza daktari. Malaria ni nyingi mikoa hii, basi lala ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikianza pima siku hiyohiyo, usiiite jaribu la kiroho. Na aliyefiwa majuzi, au anayewaza kujidhuru, simpokei kwa mafungo ya kimya. Huyo anahitaji watu na hospitali kwanza, na ninamsindikiza huko.

Kurudi

Kikao cha mapokezi kiwe ndani ya siku 7. Atakayekupokea hatoi ushauri. Ana maswali matatu tu: ulienda na swali gani, ulipata nini kwa maneno yako, na wiki hii utafanya nini ambacho mimi naweza kukiona? Anaandika majibu, anabaki na karatasi.

Kisha jaribio la wiki 12, muda wa saa 3 kila wiki, karibu na unapoishi. Kama tendo lako lilikuwa kufundisha, chukua watoto 5 wa mtaani wanaohangaika na hesabu. Kama lilikuwa kuuguza, mtembelee mgonjwa mmoja asiye na ndugu. Usianzishe taasisi, usichapishe fulana. Mwishoni mnakutana tena, mnaangalia mambo mawili: ulikwenda mara ngapi bila kusukumwa, na kuna aliyekuomba urudi? Ukikosa zaidi ya wiki 4 kati ya 12, tendo hilo huenda ulilifanya ili usifiwe, na orodha ya matukio 10 inafunguliwa upya.

Mume au mke ajue swali kabla hujaondoka, lakini asiwe yeye wa kukupokea ikiwa jibu linagusa fedha za nyumba, kwa kuwa hawezi kusikiliza bila kupiga hesabu, na ana haki ya kuzipiga. Tafuta shangazi, sheikh, katekista au mwalimu wako wa zamani: mtu asiyekudai wala usiyemdai, anayeweza kukuambia hapana. Mpe nakala ya swali kwa mwandiko wako, mkubaliane siku, saa na mahali. Akisema wiki hiyo ana shughuli, sogeza safari.