Herufi tano, mbili kati yake ni GH

Mwanafunzi wangu mmoja alisimama kusoma kwa sauti, akafika kwenye "night", akaitamka na gh yake yote kooni, kama tunavyoitamka kwenye "ghafla" na "lugha". Darasa likaangua kicheko. Nikamsahihisha: hiyo gh haisomwi, ipite tu. Baadaye nilipozama kwenye historia ya tahajia ya Kiingereza, nikagundua kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa karibu na Waingereza wa kale kuliko sisi wote tuliomcheka.

Nayachukua hapa maneno ya herufi tano tu, kwa sababu kundi la gh limejaa hapo: night, light, right, might, fight, sight, tight, eight, ought, thigh, weigh, neigh, laugh, cough, rough, tough, dough, bough, ghost, ghoul. Mengine yapo, ila haya yanatosha kumtoa mtu jasho.

Katika Kiingereza cha kale "night" iliandikwa niht, "right" ikawa riht na "might" ikawa miht. Hiyo h ya katikati ilitamkwa kwa mkwaruzo, karibu na kh ya "sheikh". Wajerumani bado wanasema Nacht, Recht na Macht, na mkwaruzo unausikia waziwazi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maandishi yaliangukia mikononi mwa watu waliozoea Kifaransa, na kwao h ilikuwa herufi dhaifu mno kubeba sauti nzito namna hiyo. Polepole gh ikashika nafasi yake. Kwa hiyo haikuwekwa kama pambo. Iliwekwa isomwe.

Kisha sauti yenyewe ikafa. Kufikia mwisho wa karne ya 17 Waingereza wa London walikuwa wameshaiacha, lakini vitabu vilikuwa vimeshachapwa kwa wingi na tahajia imeshaganda. Waskoti hawakuiacha, kwao "night" ni nicht, mkwaruzo na yote.

Sisi tumepitia jambo linalofanana na hilo. Habari, hatari, hofu na heri zilitoka Kiarabu zikiwa na kh, na kwenye maandishi ya zamani utakutana na "khabari" na "khatari". Ndimi za wengi zikailainisha kh ikawa h, na kalamu ikaufuata ulimi. Kwa Waingereza ulimi uliondoka, kalamu ikagoma.

Sasa swali ninaloulizwa kila mwaka: mbona "laugh", "cough", "rough" na "tough" zinaishia na f? Fanya jaribio hili hapo ulipo. Viringisha midomo kama unayetamka u, kisha ukiwa hivyo hivyo toa kh. Utasikia pumzi inakwaruza kooni na wakati huohuo inavuma midomoni. Anayekusikiliza kwa mbali anaweza kudhani umetoa f. Ndivyo ilivyotokea: baada ya u, masikio ya kizazi kimoja yakaikamata ile sauti ya midomoni na kuiacha ya kooni. Baada ya i hakuna midomo iliyoviringwa, hivyo f haikupata pa kuanzia, na ndiyo maana "thigh" iliishia kimya.

"Dough" na "bough" zimekaa kwenye foleni hiyo kimakosa, kwa maoni yangu. Asili yao si ile h. Zilikuwa dāg na bōg, zenye g, na g ile iliyeyuka ndani ya irabu. Ukizisoma "dou" na "bau" umefanya sawa. Mwanafunzi anayetafuta kanuni ya -ough simpi, maana haipo. Ninachompa ni hiki: ndani ya herufi tano, gh ikifuatwa na t iko kimya daima, ikitanguliwa na i iko kimya, ikianza neno ni g. Zinazobaki anazikariri, na ni chache. (Kuna pia "lough", ziwa kwa Kiingereza cha Ireland, ambalo mwisho wake bado ni kh safi. Mwanafunzi wangu angelisoma bila kufundishwa.)

Zile mbili zinazoanza na gh zina visa vyao. "Ghost" iliandikwa gast, bila h yoyote baada ya g. William Caxton, aliyefungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, alikuwa ameishi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, miaka mingi, na Waflemi, wenyeji wa huko, neno hilo waliliandika gheest. Yaelekea h ilihamia kwa njia hiyo, ikanogewa. "Ghoul" ni la Kiarabu na huko linaanza na ghaini halisi, ile ile ya "ghali" na "ghala". Mwingereza analisoma kwa g kavu. Hapa sisi ndio tunaojua lilivyokuwa.

Kwa wachezaji wa Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kukisia neno la herufi tano kwa majaribio sita, ulioachiwa watu wote mwaka 2021, kundi hili ni mtego. Tuseme jaribio lako la pili ni "night", na ight zote zikawa za kijani, yaani zimo kwenye jibu na zimekaa mahali pake. Maneno ya kawaida yaliyobaki ni saba: light, right, might, fight, sight, tight, eight. Majaribio yamebaki manne. Ukiyapiga moja moja unaweza kufungiwa nje ukiwa umejua herufi nne tangu mapema, na nimewaona watu wakikasirika kweli kwa hilo. Tumia jaribio la tatu kuandika "flame". Neno hilo haliwezi kuwa jibu, lakini linazipima f, l, m na e kwa mkupuo. Mojawapo ikipata rangi, jibu unalo. Zikikataa zote, zimebaki right, sight na tight, na majaribio unayo matatu. Kwenye hali ngumu ya mchezo, inayokulazimisha kurudia herufi ulizokwisha kupata, "flame" haikubaliki, na hapo huna ujanja ila kubahatisha.