Methani, butani, oktani: jina la haidrokaboni linasema nini

Tikisa mtungi wa gesi ya kupikia usikilize. Kuna kitu kinacheza ndani kama maji. Hicho ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika. (Ile harufu inayokushtua gesi ikivuja si yake. Zenyewe hazinuki, harufu hutiwa makusudi ili watu wa nyumbani wastuke mapema.)

Propani na butani ni haidrokaboni, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake. Sukari nayo ina kaboni na haidrojeni, lakini ina oksijeni pia, kwa hiyo haimo.

Chukulia kwamba kaboni ina mikono minne na haidrojeni ina mmoja, na kwamba hakuna mkono unaoruhusiwa kubaki mtupu. Kaboni moja ikishika haidrojeni nne unapata methani, CH₄, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia inayotoka Songo Songo kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kaboni mbili zikishikana, kila moja inabakiwa na mikono mitatu: ethani, C₂H₆. Zikiwa tatu, ya katikati inabakiwa na miwili tu: propani, C₃H₈. Basi kanuni haina haja ya kukaririwa. Kila kaboni ina haidrojeni mbili, kisha ongeza mbili za kufunga ncha za mnyororo, moja huku na moja kule.

Jina nalo lina vipande viwili. Cha mwanzo kinahesabu kaboni. Meth-, eth-, prop- na but- ni moja hadi nne, na hizi kariri tu, maana zina historia zake wala hazifuati hesabu yoyote. Butani, kwa mfano, jina lake linatokana na siagi kwa Kilatini, kwa sababu asidi yenye kaboni nne ilipatikana kwenye siagi iliyochacha. Kuanzia tano mambo yananyooka, kwa kuwa tunahesabu Kigiriki: pentani, heksani, heptani, oktani.

Kipande cha mwisho kinaeleza kaboni zimeshikanaje. -Ani: kwa mkono mmoja mmoja. -Eni: mahali fulani kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. -Aini: mitatu. Wazo la kutofautisha kwa kubadili vokali lilitolewa na mkemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann mwaka 1866, na mwaka 1892 wakemia walikutana Geneva kupanga kanuni za pamoja. Etheni, C₂H₄, ndiyo gesi inayotolewa na ndizi zinazoiva. Ukivundika ndizi unaizuia isitoroke, na mbivu moja ukiiweka kati ya mbichi inaziharakisha zote. Ethaini, C₂H₂, fundi wa kuchomelea anaijua kwa jina la asetilini.

Hadi hapo ni rahisi. Utamu, na taabu, unaanza kwenye kaboni ya nne, maana kaboni nne zinapangika kwa njia mbili. Zinaweza kufuatana kwenye mstari, au tatu zikafuatana na ya nne ikaning'inia kwenye ile ya katikati. Zote mbili ni C₄H₁₀, ila ni vitu viwili tofauti: ya mstari inachemka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, ya tawi inachemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Hizo huitwa isoma. Kaboni tano zina isoma 3, nane zina 18, kumi zina 75. Bila kanuni ya kutaja matawi tungepotea.

Kanuni inasema hivi: tafuta mnyororo mrefu kuliko yote, huo ndio unaobeba jina. Hesabu kaboni zake kuanzia ncha iliyo karibu zaidi na tawi. Kisha taja tawi na namba ya mahali liliposhikizwa. Tawi la kaboni moja huitwa methili, la kaboni mbili ethili. Ile butani yenye tawi inakuwa 2-methilipropani.

Kosa ninaloliona mno kwenye madaftari ni 2-ethilibutani. Mwanafunzi amechora kaboni nne zimelala, na kwenye ya pili akasimamisha tawi la kaboni mbili. Linavutia macho, lakini halipo. Weka kidole juu kabisa ya hilo tawi, shuka nalo hadi kwenye mstari, kisha geukia kulia hadi mwisho. Umepita kaboni tano! Huo ndio mnyororo mrefu, na kaboni moja iliyobaki kushoto ndiyo tawi. Jina ni 3-methilipentani. Mnyororo hauna wajibu wa kulala mlalo kwa sababu tu daftari lina mistari.

Sasa jaribu hili: 2,2,4-trimethilipentani (tri- ni tatu, yaani methili tatu). Chora kaboni tano, weka methili mbili kwenye ya pili na moja kwenye ya nne. Tano na tatu ni nane, kwa hiyo ni isoma ya oktani. Hiyo ndiyo iliyopewa alama 100 kwenye kipimo cha oktani cha petroli kwa jinsi isivyogongesha injini, yaani isivyowaka yenyewe kabla ya wakati wake. Heptani, yenye kaboni saba zilizonyooka bila tawi hata moja, ikapewa 0.