Kishikwambi hakiharibu macho

Wengi wanaochagua kati ya Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, na kishikwambi cha bei nafuu huanza na hofu moja: eti mwanga wa kishikwambi, hasa ule wa bluu, unaua macho taratibu. Hofu hiyo ni ya siku nyingi, lakini haina msingi. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, kimeeleza wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanga wa skrini huharibu macho. Jua linatumwagia bluu nyingi zaidi.

Macho kuwasha na kuchoka ni kweli, sikatai. Tukikazia kitu cha karibu tunapepesa mara chache, macho yanakauka. Hata anayesoma Kindle hupatwa. Kila dakika 20, inua kichwa utazame mbali kidogo.

Tofauti yenyewe iko kwenye kioo. Ndani ya kioo cha Kindle mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe; umeme huzisukuma juu au chini, kisha zinatulia hapo bila kula chaji. Ndiyo maana chaji hudumu wiki kadhaa, na ukiketi barazani saa saba mchana maandishi yanasomeka vizuri kama ya karatasi. Kwa msomaji wa riwaya, ningechagua Kindle bila kusita.

Lakini mwanafunzi mwenye notisi za PDF za ukubwa wa A4? Kwenye kioo cha inchi 6 herufi zinakuwa kama punje za ulezi, na akizikuza anabaki kusukuma ukurasa kushoto, kulia. Huyo anunue kishikwambi cha inchi 10, asome kwa amani.