Broila bila dagaa hudumaa? Si kweli

Ukizunguka maduka ya pembejeo Mbeya au Mafinga, hukosi wa kukwambia kuku wa nyama bila dagaa hakui. Hapana. Kuku hahitaji samaki. Anahitaji asidi amino, yaani vijenzi vya protini, hasa laisini na methionini, zitoke ziwani au shambani. Soya inayolimwa huku kwetu ina laisini ya kutosha. Inachopungukiwa ni methionini, nayo huuzwa ikiwa unga, unachanganya kidogo tu. Vitamini B12, ambayo mimea haina, inapatikana kwenye premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula cha kuku.

Imani hiyo haikuzuka hewani, lakini. Wengi waliojaribu soya waliisaga mbichi. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini tumboni: kuku anakula vizuri tu, ila uzito hauendi, na kongosho lake linavimba. Ikaange kwanza. Koroga bila kuacha mpaka maganda yapasuke, rangi iwe ya hudhurungi nyepesi na ile harufu ya maharage mabichi iishe. Ukiiunguza, laisini nayo inaharibika.

Mashudu ya alizeti yanafaa pia, ila yana nyuzinyuzi nyingi na laisini kidogo. Yaisaidie soya, yasichukue nafasi yake, hasa kwa vifaranga wanaotaka protini ya asilimia 22 hivi.

Dagaa si haramu. Ukiwanunua, tia wachache kwenye ndoo ya maji kabla ya kulipa, uone mchanga unaozama.