Je, wajua ni nani aliyepanga Mahakama ya Juu ya Marekani iwe na majaji tisa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba idadi hiyo imo kwenye Katiba yao. Haimo. Katiba inataja Mahakama ya Juu moja tu. Idadi ya majaji hupangwa na Bunge kwa sheria ya kawaida. Mwaka 1789 waliwekwa sita, mwaka 1863 wakafika kumi, na tisa wa leo wametokana na sheria ya 1869. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitaka kuongeza majaji wapya hadi sita juu ya wale tisa, Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge, ikakataa ingawa chama chake kilikuwa na viti vingi.

Kikwazo cha leo kwa wanaotaka kuongeza majaji ni kanuni ya Seneti yenyewe: kufunga mjadala wa muswada kunahitaji kura 60 kati ya 100, na usipofungwa, muswada haupigiwi kura. Kizuizi hicho, filibusta, nacho hakimo kwenye Katiba.

Sasa kinaondolewaje? Kanuni inadai theluthi mbili ili kufunga mjadala wa kuibadili. Lakini fikiria kikoba ambacho katiba yake inataka theluthi mbili kupitisha mkopo mkubwa. Mwanachama anasimama: "Kuhusu utaratibu, mwenyekiti, nusu na mmoja wanatosha." Mwenyekiti anafungua daftari na kumkatalia. Mwanachama anakata rufaa kwa kikao, na rufaa huamuliwa kwa wingi wa kawaida. Wengi wakisema mwenyekiti amekosea, basi amekosea. Hakuna herufi iliyofutwa daftarini, ila tangu siku hiyo linasomwa vingine.

Ndani ya Seneti, chama cha Democratic kilifanya hivyo Novemba 2013 kwa kura za kuthibitisha majaji wa mahakama za chini walioteuliwa na Rais. Aprili 2017 chama cha Republican kikafanya vivyo hivyo kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Neil Gorsuch akapita kwa kura 54, Brett Kavanaugh 50, Amy Coney Barrett 52. Hakuna aliyefika 60.

Kwa sababu hiyo napinga kuondoa kizuizi ili tu kuongeza majaji: wapinzani wakishika Seneti na Ikulu watapita mlango uleule na kuongeza wao. Ukomo wa muda, kwa mfano miaka 18, naona ni wa haki zaidi, ila Katiba inasema majaji hudumu maadamu wana mwenendo mwema, na wanasheria wanabishana kama sheria ya kawaida inatosha kuugusa utumishi huo. Sheria hiyo ikipita na kupingwa, kesi inaweza kuishia mbele ya majaji haohao tisa.