"Mradi umeeleweka"? Si kila mara

Wengi husema sarufi ni pambo tu: mradi ujumbe umefika, basi. Kwenye soga za simu, hilo lina ukweli mwingi. Ukimwandikia rafiki "nshafika, uko wapi", hakuna kilichoharibika. Akitatizika atauliza palepale. Hata "kitabu yangu" ya mitaa ya Nairobi inaeleweka bila taabu, na kumsahihisha mtu katikati ya mazungumzo ni kukosa adabu.

Barua ya kazi haina nafasi hiyo ya kuulizwa. Tazama herufi chache tu zinavyofanya kazi: "mkataba wa nyumba uliokwisha" maana yake mkataba ndio umefika mwisho, "mkataba wa nyumba iliyokwisha", nyumba ndiyo imekamilika. Mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kugombana kwa hilo. Vivyo hivyo, "mteja hakulipa" inafunga jambo, lakini "hajalipa" inaonyesha bado anatarajiwa. "Akileta mzigo tutalipa" ni ahadi. "Angalileta mzigo tungalilipa" inadokeza kwamba hakuuleta.

Kabla ya kutuma barua rasmi, pitia vitenzi kwanza, kimoja kimoja: kiambishi hiki kinarejelea nomino ipi? Kisha angalia nyakati. Mwisho saka r na l kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu programu ya kukagua tahajia haishtuki ukiandika "kula" ulipokusudia "kura". Yote mawili ni maneno halali.