Simbilisi hana pumu

Juzi kijana mmoja wa maabara hapa Kampala kaniletea rasimu ya andiko lake. Mchujo wa majani yake umelegeza trakea, yaani bomba la hewa, ya simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara, "kwa hiyo majani haya yanatibu pumu." Ni mara ya nne mwaka huu nakutana na hiyo "kwa hiyo". Chai yangu ikapoa.

Mdogo wangu, simbilisi hana pumu. Sisi ndio tunaombana njia za hewa. Tunampulizia histamini, kemikali ya mzio inayobana njia za hewa, au tunamdunga protini ya yai mpaka kinga yake iichukie, halafu tunajisifu kwa kumfungua.

Kwanza, ulimbana kwa kitu gani? Kama ni histamini, antihistamini, dawa inayoizuia, itamlinda vizuri ajabu. Mpe mwenye pumu vidonge hivyohivyo, uone kama atalala usiku. Salbutamoli, dawa ya pumu ya kufungua njia za hewa, yenyewe haiulizi nani kabana: inashika vipokezi vya beta-2, vitufe vya kulegeza vilivyo kwenye msuli, nao unalegea, iwe kilichobana ni histamini au metakolini, kemikali nyingine ya kubana. Ingawa metakolini ikizidi sana, hata salbutamoli inalemewa.

Kinachonikera hasa ni hiki. Kata kipande cha trakea ya simbilisi, kitundike kwenye maji ya Krebs, maji ya chumvi na sukari ya kuweka tishu hai, ya nyuzi 37, gesi ikibubujika. Kitajikaza chenyewe, hujakiwekea chochote. Kinachokikaza ni prostaglandini, kemikali kinazotengeneza chenyewe. Tia indomethasini, dawa ya maumivu inayozuia zisitengenezwe, kinalegea. Haya, indomethasini ni dawa ya pumu? Kuna wenye pumu ambao kidonge kimoja cha aspirini, au cha ndugu yake huyo indomethasini, kinawakimbiza hospitali usiku wa manane. Yaani mchujo wako unaweza kumlegeza simbilisi kwa njia ileile inayomkaba mgonjwa! Nilimuuliza kijana kama kipande chake kilikuwa kimekazwa na dawa au kilijikaza chenyewe. Akatazama dirishani.

Na kinyume chake pia. Dondoshea kipande hicho beklometasoni, dawa halisi ya pumu ya kuvuta, subiri dakika ishirini: karibu hakuna kitu. Kwa kipimo cha kijana, dawa hiyo ingetupwa jalalani, kwa sababu inatuliza uvimbe wa njia za hewa, na kazi hiyo ni ya saa na siku. Jirani yangu wa bodaboda naye ana kipimo hichohicho, anaithamini inhela ya bluu tu, ile ya salbutamoli, kwa kuwa anaisikia ikifungua.

Nami sijatoka salama, maana simbilisi bado ninao. Kuwatupa siwezi: mwaka 1940 Kellaway na Trethewie walikuta kwenye mapafu ya simbilisi kitu kinachobana polepole, ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa ni leukotrieni, kemikali za uvimbe na mzio, na hizo zinambana binadamu kwelikweli. Lakini kila grafu yangu ikiwa nzuri mno, namkumbuka Roger Altounyan, daktari mwenye pumu, aliyejaribia kromoglikati, dawa ya kuzuia pumu, kwenye mapafu yake mwenyewe miaka ya 1960. Alijibana makusudi kwa kuvuta mchujo wa ukoko wa ngozi na manyoya uliomletea mzio. Wa mnyama gani? Simbilisi.